Tiba ya Duchenne: Kidonge cha Zamani Bado Ndicho Tegemeo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwezi Julai 2025 ulikuwa mzito kwa familia zenye watoto wanaougua Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya mwili mwaka hadi mwaka. Tarehe 18 ya mwezi huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliitaka kampuni ya Sarepta Therapeutics isitishe kwa hiari usambazaji wa Elevidys, tiba ya jeni iliyokuwa imebeba matumaini makubwa kuliko nyingine yoyote katika historia ya ugonjwa huu. Wavulana wawili waliopewa tiba hiyo, ambao wote walikuwa wameshapoteza uwezo wa kutembea, walikuwa wamefariki baada ya ini kushindwa kufanya kazi. Wiki moja baadaye, tarehe 25 Julai, kamati ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ilipendekeza tiba hiyo isipewe idhini katika nchi za Umoja wa Ulaya.

Usambazaji kwa watoto ambao bado wanatembea uliruhusiwa tena kabla ya mwezi huo kwisha. Hata hivyo, ilipofika Novemba mwaka huohuo, FDA iliagiza onyo la kiwango cha juu kabisa liwekwe katika maelezo ya dawa na ikaondoa ruhusa ya kuitumia kwa wagonjwa wasioweza kutembea. Elevidys hutolewa mara moja tu maishani, kwa dripu, na bei iliyotangazwa ilipoingia sokoni mwaka 2023 ilikuwa dola za Marekani milioni 3.2. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mtoto mmoja.

Mzazi wa Kitanzania anayesoma habari hizo kwenye simu yake hujiuliza maswali mawili. Je, mwanangu anakosa uhai kwa sababu sina mabilioni? Na je, zaidi ya hiyo kuna kitu kingine chochote? Ili kuyajibu maswali hayo kwa haki inabidi kuacha bei pembeni kwa muda na kutazama kila dawa inafanya nini ndani ya seli ya msuli, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa uliko na huko ndiko dawa inakopaswa kupimwa.

Duchenne lilikuwa jina la daktari wa Kifaransa, Guillaume Duchenne, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina katika miaka ya 1860. Chanzo chake kilisubiri zaidi ya karne moja. Mwaka 1987 watafiti wa Boston nchini Marekani, wakiongozwa na Louis Kunkel, waliitambua protini inayokosekana kwa wagonjwa hawa na kuiita distrofini. Jeni inayobeba maelekezo ya kuitengeneza ipo kwenye kromosomu X na ni ndefu kuliko jeni nyingine zote zinazojulikana kwa binadamu. Ina vipande 79 vya maelekezo viitwavyo eksoni. Urefu huo wenyewe ni hatari, kwa sababu kadiri maandishi yanavyokuwa marefu ndivyo nafasi ya kosa inavyoongezeka. Mvulana ana kromosomu X moja tu, hivyo ikiharibika hana ya akiba, na ndiyo maana wanaougua ni wavulana karibu wote.

Kazi ya distrofini inafanana na ile ya shokapu kwenye gari linalopita barabara ya mashimo. Kila mara msuli unapojikunja na kunyooka, utando unaoizunguka seli huvutwa kwa nguvu. Distrofini huushikilia utando huo na mfumo wa ndani wa seli ili mvuto usambae bila kuleta madhara. Isipokuwepo, utando huchanika vitundu vidogo vidogo. Madini ya kalsiamu yaliyokuwa nje hufurika ndani, huamsha vimeng'enya vinavyoila seli kutoka ndani, na seli hufa. Askari wa kinga ya mwili hufika kusafisha mabaki, lakini wingi wao na muda wanaokaa huleta mchochota usiokwisha, ambao nao huua seli za jirani.

Mwili haukai kimya. Pembezoni mwa kila uzi wa msuli zipo seli za akiba, ziitwazo seli satelaiti, ambazo kazi yake ni kujenga upya kilichobomoka. Kwa mtoto mwenye Duchenne zinafanya kazi hiyo mchana na usiku tangu anapozaliwa, lakini kila uzi mpya zinaoujenga nao hauna distrofini, na utachanika vilevile. Inafika siku ukarabati unazidiwa na uharibifu. Mahali palipokuwa na msuli panajaa mafuta na kovu, na hii ndiyo sababu mashavu ya miguu ya watoto hawa huonekana yamenenepa na kukakamaa ilhali hayana nguvu.

Hapo pana jambo ambalo mara nyingi hupotea katika mijadala ya tiba mpya. Hakuna dawa iliyopo leo, ya bei yoyote ile, inayogeuza kovu kuwa msuli. Kila dawa inahitaji seli hai za kuilinda, na mtoto aliyechelewa kugunduliwa anafika hospitalini akiwa na seli chache zaidi za kulindwa.

Tuanze na hiyo ya mabilioni. Maelekezo kamili ya distrofini ni marefu mno kuingia ndani ya kirusi kidogo kinachotumika kama chombo cha kuyabeba hadi kwenye msuli. Watafiti walilazimika kuyafupisha, wakabakiza sehemu zilizoonekana muhimu zaidi, na kutengeneza distrofini fupi. Sampuli za misuli ya watoto waliotibiwa zinaonyesha kwamba protini hiyo fupi kweli hutengenezwa na hukaa kwenye utando inakotakiwa. Kwa mtazamo wa maabara, huo ni ushindi.

Tatizo lilijitokeza mtoto alipoombwa ainuke sakafuni. Katika jaribio kubwa la tiba hiyo, lililohusisha wavulana 125 wenye umri wa miaka minne hadi saba, waliotibiwa walipimwa baada ya wiki 52 kwa kipimo cha alama 34 kinachoangalia uwezo wa kusimama, kutembea, kuruka na kupanda ngazi. Tofauti kati yao na wenzao ambao hawakupewa tiba ilikuwa alama 0.65 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakikutosha kusema dawa imeshinda. Vipimo vingine vya pembeni, kama vile muda wa kuinuka kutoka sakafuni, vilionekana kuwa vizuri zaidi, na FDA ikavitumia kupanua idhini mwaka 2024. Wataalamu wa Ulaya walivitazama vipimo hivyohivyo na kuona havitoshi. Mwandishi wa makala haya anaona Ulaya ilikuwa na hoja yenye uzito zaidi, hasa kwa kuwa wingi wa virusi vinavyohitajika kuifikia misuli yote ya mwili ndio unaolielemea ini.

Kundi la pili la dawa mpya linatumia ujanja mwingine. Kosa la jeni mara nyingi ni kukosekana kwa eksoni moja au kadhaa, hali inayovuruga usomaji wa maelekezo yanayofuata. Dawa kama eteplirseni hujibandika kwenye eksoni ya 51 na kuificha, ili seli iiruke na kuendelea kusoma mbele, ikitoa distrofini iliyopungua kipande cha kati lakini yenye ncha zake mbili. Inamfaa takriban mgonjwa 1 kati ya 8, kutegemea kosa alilo nalo. FDA iliidhinisha eteplirseni Septemba 2016 huku wajumbe wengi wa jopo la washauri wake wakiwa hawajashawishika. Ulaya iliikataa mwaka 2018. Katika utafiti mmoja uliowasilishwa, wastani wa distrofini baada ya wiki 48 za sindano ulikuwa asilimia 0.44 ya kiwango cha mtu mwenye afya. Kwa mgonjwa, gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 300,000 kwa mwaka.

Upo pia mfano wa ataluren, dawa ya kunywa kwa wagonjwa ambao maelekezo yao yana alama ya kusimama mahali pasipotakiwa. Ulaya iliipa idhini ya masharti mwaka 2014, ikasubiri ushahidi zaidi, na baada ya miaka zaidi ya kumi ya kusubiri Kamisheni ya Ulaya iliamua Machi 2025 kutoihuisha idhini hiyo. Watoto walioianza wakiwa wadogo sasa ni vijana.

Hakuna haja ya kuidharau kazi hii ya kisayansi. Siku moja tiba ya kweli itatoka katika njia hizihizi. Hata hivyo, mzazi wa Mbeya au Kigoma asiamini kwamba mwanawe ananyimwa uponyaji uliokwishapatikana kwingine. Uponyaji huo haujapatikana popote.

Kilichopatikana ni kidonge kidogo ambacho kimekuwepo katika maduka ya dawa kwa miongo mingi. Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na katika orodha ya dawa muhimu ya taifa letu, ambako hutumika kwa pumu, mzio na maradhi mengine mengi. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wavulana 103 wenye Duchenne: katika miezi sita, waliopewa prednisoni waliongezeka nguvu, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa waliendelea kudhoofika. Prednisoni na prednisoloni ni ndugu wa damu, kwani ini huigeuza ya kwanza kuwa ya pili.

Daktari yeyote atakuambia hapa pana kitendawili. Steroidi zikitumiwa muda mrefu na mtu mwenye misuli mizima huidhoofisha misuli hiyo. Mapaja hupungua na kupanda ngazi huwa kazi. Inakuwaje dawa hiyohiyo imsaidie mtoto ambaye misuli yake inakufa? Jibu lipo katika mizania. Ndani ya seli, steroidi huzima mitambo inayoita askari wa kinga na kuendeleza mchochota. Kwa mtu mzima wa afya mitambo hiyo haikuwa ikiwaka, kwa hiyo anachobaki nacho ni hasara. Kwa mtoto wa Duchenne moto unawaka kila siku, na kinachookolewa kwa kuupunguza ni kikubwa kuliko kinachopotea. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha pia kwamba steroidi huongeza protini zinazoziba vitundu vya utando, na kwamba dozi ya mara moja kwa wiki iliwaepusha panya hao na kusinyaa kwa misuli kulikoletwa na dozi ya kila siku. Kwa binadamu, suala la ratiba limeelekea upande mwingine, kama itakavyoonekana.

(Wapo, kwa bahati mbaya, wanaonunua dawa za kundi hili kienyeji ili wanenepe. Unene huo ni maji na mafuta. Msuli haumo.)

Ushahidi wa muda mrefu ulikuja mwaka 2018, pale jarida la kitabibu la Lancet lilipochapisha matokeo ya ufuatiliaji wa wagonjwa 440 kwa takriban miaka kumi. Waliotumia steroidi kwa mwaka mmoja au zaidi walichelewa kupoteza uwezo wa kutembea na kuinuka kwa kati ya miaka miwili na minne hivi, na walichelewa zaidi kupoteza uwezo wa kutumia mikono. Hatari ya kufariki nayo ilipungua. Miaka mitatu ya ziada ya kutembea kwa mvulana wa miaka kumi maana yake ni kumaliza shule ya msingi kwa miguu yake. Mikono inayofika mdomoni maana yake ni kijana anayejilisha mwenyewe akiwa kwenye kiti mwendo.

Swali la steroidi ipi na kwa ratiba ipi lilijibiwa na jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2022, likihusisha wavulana 196 katika nchi tano kwa miaka mitatu. Vidonge vya kila siku vilifanya vizuri kuliko ratiba ya siku kumi za kunywa na kumi za kupumzika. Kati ya prednisoni ya kila siku na deflazakoti ya kila siku hapakuwa na tofauti ya maana katika nguvu za mtoto, ingawa deflazakoti iliongeza uzito kidogo zaidi ya hapo tu, na prednisoni ikauongeza zaidi. Matokeo hayo ni habari njema kwa nchi kama yetu. Deflazakoti ndiyo iliyoleta kelele mwaka 2017, pale kampuni iliyopata haki ya kuiuza Marekani ilipotangaza bei ya dola 89,000 kwa mwaka, wakati familia nyingi zilikuwa zikiiagiza kutoka nje kwa dola elfu moja au mbili. Kampuni hiyo ilishambuliwa hadi ikaiuza dawa kwa wengine.

Dozi ya prednisoloni inayotajwa katika miongozo ya kimataifa ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 20 hiyo ni miligramu 15, yaani vidonge vitatu vya miligramu 5. Anayeiandika na kuibadilisha ni daktari, kwa sababu dawa hii ina deni lake. Mtoto hunenepa uso na tumbo, hukua kimo polepole, hubalehe kwa kuchelewa, mifupa yake hulegea na uti wa mgongo unaweza kuvunjika bila kuanguka, na macho yanaweza kupata mtoto wa jicho. Wengine hubadilika tabia, wakawa wakali au wasiolala. Kabla ya kuanza ni lazima kuhakikisha kwamba mtoto hana kifua kikuu kilichojificha na kwamba amekamilisha chanjo zake, hususan zile zenye vimelea hai kama ya surua na rubella.

Lipo kosa moja linaloweza kuua, nalo ni kuiacha ghafla. Mwili unaopewa steroidi kila siku hupunguza utengenezaji wa steroidi zake wenyewe katika tezi zilizo juu ya figo. Dawa ikiisha Ijumaa na mzazi akasubiri hadi mwisho wa mwezi kununua nyingine, mtoto anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, kushuka shinikizo la damu na kufariki kwa kitu kitakachodhaniwa kuwa malaria. Kwa sababu hiyo, upatikanaji usiokatika wa kidonge cha bei nafuu una uzito sawa na ugunduzi wa dawa mpya, na ni suala ambalo Bohari ya Dawa na vituo vya kutolea huduma vinaweza kulisimamia bila kusubiri mtu wa nje.

Dawa mbili za karibuni zinastahili kutajwa kwa sababu zinamfaa kila mgonjwa bila kujali kosa la jeni alilonalo. Vamoroloni, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2023 na Ulaya Desemba mwaka huohuo, ni steroidi iliyoundwa upya. Inazima mchochota kama prednisoloni lakini imeonekana kutomdumaza mtoto kimo. Givinostati, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024 kwa wenye umri wa kuanzia miaka sita, si steroidi. Inazuia vimeng'enya ambavyo, katika msuli usio na distrofini, hufanya kazi kupita kiasi na kuzifunga jeni za ukarabati. Matokeo yanayotarajiwa ni kovu na mafuta kidogo. Katika jaribio lake, baada ya miezi 18 muda wa kupanda ngazi nne uliongezeka kwa sekunde 1.25 kwa waliopewa dawa na sekunde 3.03 kwa ambao hawakupewa. Watoto wa makundi yote mawili walikuwa wakiendelea na steroidi. Hata dawa mpya, kwa maneno mengine, imejengwa juu ya msingi wa ile ya zamani.

Zipo pia dawa ambazo athari yake kwa seli hizi ni ya kuua, na hapa mtaalamu wa afya anahusika moja kwa moja. Suksamethonium hutumika katika vyumba vya upasuaji kulegeza misuli ili mgonjwa awekewe mpira wa kupumulia. Katika msuli wa Duchenne, dawa hiyo husababisha utando ulio dhaifu kumwaga madini ya potasiamu kwenye damu kwa kiasi kinachoweza kuusimamisha moyo ndani ya dakika chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani iliweka onyo maalumu baada ya watoto walioonekana wazima kupata mshtuko huo wakiwa mezani; baadaye iligundulika kuwa walikuwa na ugonjwa wa misuli usiojulikana. Baadhi ya gesi za usingizi nazo zinaweza kuiyeyusha misuli hiyo. Mzazi amweleze daktari wa usingizi na ganzi kabla ya upasuaji wowote, hata kama ni wa tonsili au wa ngiri.

Jambo jingine linalopoteza muda ni vipimo vya ini. Vimeng'enya viwili vinavyopimwa kuangalia ini, ALT na AST, vipo pia ndani ya misuli. Seli za misuli zinapopasuka, vimeng'enya hivyo hupanda katika damu, na mtoto anaweza kuzungushwa miezi mingi akitafutiwa ugonjwa wa ini asio nao. Kipimo kinachotegua kitendawili ni cha kreatini kinesi, kifupi CK, ambacho kwa mtoto wa Duchenne hufika mara makumi ya kiwango cha kawaida tangu akiwa mchanga. Ni kipimo cha damu, na hakihitaji maabara ya jeni. Kipimo cha jeni huja baadaye kuthibitisha.

Moyo nao ni msuli, na nao hukosa distrofini. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba watoto waliopewa mapema perindopril, dawa ya kundi linalotumika kwa shinikizo la damu, kabla moyo haujaonyesha dalili, walichelewa kupata udhaifu wa moyo kuliko waliocheleweshwa kuanza. Ufuatiliaji wa miaka kumi ulikuta asilimia 92.9 ya waliowahi wakiwa hai, dhidi ya asilimia 65.5 ya waliochelewa. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inashauri dawa za kundi hili zianze mtoto anapofikia umri wa miaka kumi, hata kama moyo unaonekana mzima. Enalapril na kaptopril ni za kundi hilohilo, na si dawa za kuagiza kwa ndege. Kinachohitajika ni picha ya moyo kila mwaka, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pamoja na hospitali za kanda zinazo mashine na wataalamu wa kuitoa.

Inakadiriwa kuwa Duchenne humpata mvulana 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Tanzania hupata watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hesabu ya kawaida inaleta takriban wavulana 200 wapya kila mwaka, hata tukitumia makadirio ya chini. Yeyote anayefanya kazi katika kliniki za watoto atakubali kwamba wanaotambuliwa hawafikii hapo. Hata katika nchi zenye uwezo, utambuzi huja mtoto akiwa na miaka minne au mitano, wakati dalili zilikuwepo mapema: kuchelewa kutembea hadi baada ya miezi 18, kuanguka mara kwa mara, kutembea kwa vidole, kushindwa kuruka. Ishara iliyo wazi zaidi ni namna anavyoinuka kutoka sakafuni. Hugeuka, hupiga magoti na mikono, kisha huipandia miguu yake mwenyewe kwa viganja hadi asimame. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mwalimu wa darasa la awali, anaweza kuitambua ishara hiyo bila kifaa chochote.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye vitabu vya hospitali. Kwa kuwa jeni hupitia kwa mama, ukweli huo ukifika nusu nusu katika ukoo hugeuka kuwa hukumu, na ndoa huvunjika. Takriban theluthi moja ya watoto hawa hawakurithi kosa kutoka kwa mtu yeyote, lilizuka upya. Na mama aliyelibeba hakulichagua, kama ambavyo baba hakuchagua kundi lake la damu. Ushauri nasaha wa kurithi unamsaidia mama kujua hali yake, na unawahusu pia mabinti zake, ambao wanaweza kubeba jeni hiyo na wakahitaji kupimwa moyo wakiwa watu wazima.

Mazingira ya kisera yamebadilika. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua tarehe 7 Septemba, siku iliyochaguliwa kutokana na zile eksoni 79, kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Duchenne. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la magonjwa adimu na kuagiza kuandaliwa kwa mpango wa utekelezaji wa miaka kumi. Hapa nyumbani ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Vitita vya mafao vinapojadiliwa, magonjwa adimu huogopwa kwa sababu ya habari za mabilioni. Kitita cha Duchenne kinachoweza kutetewa leo kwa ushahidi kina kipimo cha CK, prednisoloni isiyokatika, dawa ya moyo, picha ya moyo ya kila mwaka, fiziotherapia na kiti mwendo kwa wakati wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanana na bei ya Elevidys.

Pamoja na steroidi na mashine za kusaidia kupumua usiku, wagonjwa wengi katika nchi zenye huduma hizo sasa wanavuka miaka 20, na wapo wanaovuka 30. Kliniki zetu za Duchenne, pale zilipo, ni za watoto. Mvulana anayeanza kidonge mwaka huu akiwa na miaka mitano atatimiza miaka 18 mwaka 2038 au 2039, na atahitaji daktari wa moyo, daktari wa mapafu na mwajiri.